Barua kwa mwanangu: usiukunje huo mlango

Mwanangu,

Huku hatujambo. Baba yako kikohozi kimemwacha, na kelele zake zimerudi pale pale. Picha za Land Rover yako nimezipata, nimezitazama kwanza bila miwani, kisha kwa miwani, na kabla sijaendelea nakuomba kitu kimoja: asije mtu akaukunja huo mlango.

Unasema mlango haufungi mpaka uubamize, na fundi anataka kubana kipande cha mti karibu na bawaba, halafu ausukume mlango kwa nguvu mpaka ukae. Huo ujanja naujua. Kwenye gari lenye mlango mzito wa bati la chuma unaweza kusaidia kidogo. Lakini mlango wako ni fremu ya chuma iliyovikwa bati la alumini, na alumini ikishakunjika, hata uinyooshe vipi, alama inabaki. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza chuma kilikuwa bado cha mgao kwa sababu ya vita, ndiyo maana bodi wakaiunda kwa aloi ya alumini. Series III yako, toleo lililoanza 1971 likaisha 1985, imerithi hayo yote. Watu husifu kwamba bodi haishiki kutu. Ni kweli. Ila chuma kinachoibeba kinashika, tena kimyakimya.

Kwa gari la umri huo, mlango ni wa mwisho kushukiwa. Tazama nafasi unayoingia mlango imezungukwa na nini. Mbele kuna ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, ambao nguzo zake za pembeni ndizo zimebeba bawaba. Nyuma kuna bodi ya mizigo. Juu kuna kioo cha mbele na paa. Vyote hivyo ni vipande mbalimbali vilivyofungwa kwa bolti, na vinasimama juu ya chasisi, ile fremu ya chuma ya chini inayolibeba gari. Kimoja kikisogea kidogo tu, ile nafasi haiko mraba tena, na mlango ulionyooka kabisa utaonekana mbovu.

Kwa hiyo anza kwa kutazama, spana ziache kwenye kisanduku. Simamisha gari pasipo na mteremko, likiwa limekanyaga kwa matairi yake yote, lisiwe juu ya jeki. Funga milango yote miwili, kisha fuata mwanya wa kila mlango kwa jicho: juu, nyuma, chini, mbele. Mwanya unasema mengi. Ukiwa na upana ule ule kote ila mlango mzima umekaa chini, bawaba zimefungwa vibaya. Ukiona ncha ya nyuma imelala, chini inagusa na juu pamebaki wazi, bawaba zimelika au nguzo imeachia. Na kama milango yote miwili, wa kulia na wa kushoto, inaonyesha mwanya uliopanuka upande ule ule, achana na milango kabisa, kilichosogea ni ukuta wa mbele au bodi ya nyuma. Chukua futi ukapime pembe kwa pembe ile nafasi ya mlango, kulia na kushoto, ulinganishe. Vipimo visipolingana, umeshajua kazi iko wapi.

Halafu fungua mlango nusu, ushike chini ya ncha yake ya nyuma, uinue taratibu kwa mkono. Mkono mwingine weka kidole kwenye bawaba ya juu, pale vipande viwili vinapokutana. Utasikia mchezo, yaani kule kulegea na kutikisika, kwa kidole kabla jicho halijauona. Kama pini inacheza ndani ya bawaba, bushi, kile kibomba pini inamozunguka, imekwisha, na hapo hakuna cha kurekebisha, unabadilisha. Usiudharau mchezo mdogo. Chukulia bawaba ya juu na ya chini zimeachana sentimita 30, na mlango una upana wa sentimita 75. Bawaba ya juu ikilegea milimita 1, ncha ya nyuma inashuka milimita 2 na nusu. Hiyo inatosha kabisa kitasa kikakosa mahali pake, na ndiyo sababu unalazimika kuubamiza.

Lakini kama unapouinua mlango bawaba nzima inatembea pamoja na nguzo, mwanangu, hiyo ni habari nyingine. Inua zulia, chukua bisibisi ya zamani, ugonge-gonge sehemu ya kuwekea miguu, chini kabisa ya nguzo, na zile kona za juu chini ya kioo. Bati zima linalia, bovu linazama. Huo ukuta hushika kutu hasa hapo, na nguzo ikiwa imeoza mguuni, kila utakachokaza juu yake kitalegea tena baada ya safari moja ya barabara mbovu. Tafuta mchomeleaji kwanza. Wala asichomelee kabla hajafunga kipande cha chuma cha kushikilia ile nafasi ya mlango isijibane, maana kuna watu hukata mguu wa nguzo gari likiwa huru, kisha wanashangaa mbona mlango hauingii tena.

Ukikuta nguzo nzima, angalia zile bolti ndefu zinazoufunga ukuta kwenye chasisi, na zile za bodi ya nyuma. Mara nyingine ugonjwa wote uko hapo: mtu alifungua, akarudisha bila vile vibati vyembamba vya kujazia vilivyokuwepo.

Sasa kurekebisha kwenyewe. Siku moja kabla, nyunyizia bolti za bawaba mafuta ya kupenya kutu, uziache. Ikikataa, gonga bisibisi kwa nyundo huku unazungusha, au tumia ile bisibisi ya kugongwa, kuliko kukiharibu kichwa. Na usitoe bolti zote kwa pamoja: kwenye baadhi ya magari nati za ndani zimeshikwa na bamba lisilochomelewa, ukimaliza bolti linadondoka ndani ya nguzo, na utamaliza mchana unalivua kwa waya.

Bodi ya nyuma ndiyo ngumu kuliko zote kuihamisha, kwa hiyo ndiyo unayoifuata. Linganisha mlango na bodi ya nyuma kwanza, kisha bawa la mbele, lile bati la juu ya gurudumu, ulilinganishe na mlango. Ukianzia mbele ni kama shati uliloanza kulifunga kwa kifungo kisicho chake, utagundua ukifika mwisho.

Toa kile chuma cha kwenye nguzo ya nyuma ambacho kitasa hukishika. Kitoe kabisa. Kikibaki kitauvuta mlango kila unapoufunga, na utakuwa unapima uongo. Toa na mpira wa kuzuia maji kwa sababu hiyo hiyo. Weka kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa chini ya mlango, mwite mtu akushikie, chora kwa penseli kuzunguka bawaba ujue zilikuwa wapi, kisha legeza kidogo tu, kiasi cha mlango kusogea ukiusukuma lakini usianguke wenyewe. Shughulikia bawaba moja kwa wakati.

Kama ncha ya nyuma imelala na bushi ni nzima, kibati chembamba nyuma ya bawaba ya chini kinasukuma sehemu ya chini ya mlango kurudi nyuma, na ncha inainuka. Hiyo ni pale bawaba inapokaa kwenye uso wa nguzo unaoutazama mlango. Ikikaa kwenye uso wa nje, kibati hicho hicho kitautoa mlango nje, hakitauinua, kwa hiyo tazama kabla hujakata bati. Anza na chembamba kuliko unachodhani kinahitajika. Kaza, funga, tazama mwanya, fungua tena. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato. Usidai mwanya wa gari la kisasa pia. Hata zilipotoka kiwandani Land Rover hazikuwa hivyo. Ukipata mwanya unaofanana kutoka juu hadi chini, na mlango haugusi popote, shukuru Mungu uendelee.

Ile nusu ya juu yenye kioo ni kipande peke yake, imefungwa juu ya mlango wa chini kwa bolti. Ikiwa imeachia upepo juu, usiguse bawaba. Legeza bolti zake, iegemeze ndani, jaza washa, vile vipete bapa vya bolti, pale inapokaa.

Kuna jambo moja kwenye picha ya tatu halikunipendeza. Kwenye ukingo wa chini naona rangi imevimba, na chini yake kama unga mweupe. Hapo ndipo alumini inapokutana na fremu ya chuma. Vyuma viwili tofauti vikigusana na maji yenye chumvi au tope yakaingia kati, alumini inaliwa, na ule unga unavimba mpaka unausukuma ukingo nje. Mlango unakuwa mnene pale chini, na hakuna bawaba itakayokuokoa. Kwangua uone umefika wapi. Kama ni kidogo, safisha mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, na popote utakaporudisha bolti weka washa ya plastiki ili vyuma hivyo visigusane. Kama umekula mbali, tafuta mlango mwingine, usipoteze nguvu kwa huu.

Mwisho rudisha mpira na kile chuma cha kitasa. Mpira mpya ni mgumu na utausukuma mlango nje, kwa hiyo usikimbilie kukirudisha chuma nyuma, upe muda ukae. Bana kikaratasi kati ya mpira na bodi, funga mlango, ukivute. Kikitoka bure, maji yataingia hapo. Kikikatika, pamebana mno. Zungusha kikaratasi hivyo mlango mzima. Tia grisi kwenye bawaba, oili kidogo kwenye kitasa, na baada ya safari ya kwanza ya mashimo zirudie bolti zote kwa spana.

Nitumie picha za ile sehemu ya miguu baada ya kuinua zulia, pande zote mbili, na huo mguu wa nguzo nao uupige picha kwa mwanga wa tochi. Kabla sijaziona, mwambie fundi asubiri.

Mama yako