Mkono wa kushoto wa Beno

Ndanda, 28 Agosti 2025

Somo yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo!

Jana ilikuwa sikukuu yetu, na Misa ya asubuhi nimekuombea wewe na nyumba yako yote. Tangu tulipokuwa Monika wawili katika darasa moja, tarehe 27 Agosti haijapita bila mmoja wetu kumtafuta mwenzake. Mwaka huu nimechelewa siku moja, niwie radhi. Leo ni siku ya Agustino, yule mtoto aliyemliza mama yake miaka na miaka, nami nimeona inafaa nikae nikujibu vizuri, kwa sababu uliloniuliza ni la watoto: kama na wewe umtoe binti yako Agnes shule kama nilivyofanya mimi.

Umesikia huko Lindi kwamba nimemtoa mwanangu Beno shule. Aliyekuambia hakukudanganya, ila hakumaliza. Nilimtoa nasari mwezi wa tatu, na tangu hapo namfundisha mwenyewe hapa nyumbani. Darasa la kwanza ataanza Januari kama wenzake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefika miaka saba awe ameandikishwa na ahudhurie mpaka amalize, na mimi na baba yake hatuna ugomvi na sheria hiyo. Najua katika nchi nyingine, Marekani kwa mfano, zipo familia za Kikatoliki zinazowasomesha watoto nyumbani hadi wamalize sekondari. Sisi hatujafika huko wala hatuelekei huko. Mimi nilitaka mwaka mmoja tu na mwanangu, na sababu yake sijamweleza mtu zaidi ya baba watoto na padre.

Unajua Beno anatumia kushoto. Tangu anatambaa, kijiko kushoto, jiwe kushoto, kila kitu kushoto. Mwezi wa pili akaanza kurudi nyumbani mkono ule ameuficha ndani ya kaptula. Nikadhani ni mchezo wa watoto. Jioni moja tumekaa mkekani kwa sala, baba yake akaanza, "Kwa jina la Baba," sote tukainua mikono. Beno hakuinua mkono wowote. Nikamwambia, "Beno, ishara ya msalaba." Akanitazama, akauliza taratibu kabisa, "Mama, huu mkono wangu Mungu haupendi?"

Ndipo nikauvuta ule mkono nikauangalia kwenye mwanga. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba. Alikuwa anapigwa kwa rula kila akishika penseli kwa kushoto, na akaambiwa huo ni mkono wa shetani.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa na hasira na mwalimu, lakini kadiri nilivyojigeuza kitandani nikaona mwalimu hakuwa wa kwanza. Wa kwanza nilikuwa mimi. Mara ngapi nimempiga kofi mkononi tunakula, "Toa huo, mkono wa chooni huo!" Nilivyolelewa ndivyo nilivyolea. Na kanisani amesikia Injili ya hukumu, kondoo kuume na mbuzi kushoto. Mtoto wa miaka mitano akiyaunganisha hayo yote, unategemea aelewe nini?

Nilikwenda kuzungumza na mwalimu. Hakuwa mtu mbaya, somo. Ana kundi kubwa la watoto na chumba kimoja, amechoka, naye utotoni alizoeshwa hivyo hivyo. Akaniambia, "Atazoea tu." Nikamshukuru, nikachukua daftari la Beno, tukarudi nyumbani.

Jambo lililomtibu Beno halikutoka kwangu. Ilikuwa Kwaresima, na kila Ijumaa nilikuwa nakwenda naye Njia ya Msalaba. Ijumaa moja tumefika kituo cha kumi na moja, Yesu anapigiliwa misumari msalabani. Watu wamepiga magoti. Beno yeye alisimama akawa anaikodolea macho ile picha ukutani, kisha akanivuta kitenge. "Mama, na wa kushoto pia?" Nikamwambia ndiyo, baba, na wa kushoto pia. Akautoa mkono wake mfukoni, akaugeuza, akaangalia kiganja. Basi. Hakusema neno lingine mpaka tunafika nyumbani. Usiku akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kulia kama kanisa linavyofanya, na asubuhi akaomba penseli akaishika kwa kushoto. Mimi nilikuwa nimejipanga kumpa maelezo marefu, wala hayakuhitajika.

Kwa hiyo hapa kwetu siku hizi kulia ni kwa kula, kusalimia, kupokea na kutoa, na ishara ya msalaba. Hiyo ni heshima, sitaki aende kwa watu akaonekana hakufunzwa. Kuandika, kuchora, kushika nyundo, atumie mkono aliopewa. Ameelewa upesi kuliko bibi yake.

Sasa habari ya kufundisha, maana najua hapo ndipo unaposubiri. Wiki tatu za mwanzo niliharibu. Nilinunua ubao, nikautundika sebuleni, nikaandika ratiba, nikamkalisha kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Nilikuwa naigiza nasari ile ile niliyomtoa, pamoja na sauti yake. Siku moja nikajisikia nikisema, "Mara ngapi nimekuambia!" na mtoto akaurudisha mkono kwenye kaptula. Nikauteremsha ubao siku ile ile.

Tulipo sasa ni hivi. Kengele ya abasia, monasteri ya watawa hapa Ndanda, ndiyo saa yetu. Asubuhi baada ya uji tunakaa barazani, tunasoma kidogo, nusu saa, akiwa na hamu inazidi. Silabi tunaandika kwa kidole kwenye sinia la mchanga: ba be bi bo bu. Akikosea anatikisa sinia, kosa limepotea, hakuna daftari jekundu la kumsuta. Halafu ni kazi. Akinisaidia kuchambua mbaazi anahesabu kumi kumi kwenye vifuniko vya chupa. Kengele ya saa sita ikilia tunaacha vyote tunasali Malaika wa Bwana, na mdogo wake, ambaye ana miaka mitatu, anaitikia sehemu moja tu anayoijua, kwa sauti ya kuvunja kuta. Mchana wanalala. Jioni ni hadithi na rozari, na rozari nzima kwa watoto wadogo ni adhabu, nakwambia kweli, kwa hiyo wao wanasali fungu moja halafu wanaruhusiwa kulala mkekani wakitusikiliza.

Hiyo rozari imemfundisha hesabu kuliko mimi. Siku moja alijifungia nayo akahesabu punje zote, akatoka amenuna. "Mama, umesema makumi ni matano. Kumi mara tano ni hamsini. Mbona za Salamu Maria ni hamsini na tatu?" Nikamwambia ahesabu tena. Akarudi: hamsini na tatu, na za Baba Yetu sita, jumla hamsini na tisa. Nikamwonyesha zile tatu za mwanzo karibu na msalaba, za kuomba imani, matumaini na mapendo. Akafurahi kwamba hakukosea. Somo, mimi nimesali rozari tangu utoto na sikuwahi kuzihesabu.

Na kusoma kumeanza kuja. Mwezi uliopita, baba yake alipokuwa anajiandaa kupulizia mikorosho, alikuwa ameweka dawa kwenye kona ya stoo, mlango haujafungwa. Nipo jikoni nasikia Beno anasoma mlangoni, "Su... mu. Sumu." Kisha sauti kali, "Usiguse! Imeandikwa sumu!" Nilikimbia nikamkuta amesimama mbele ya mdogo wake amenyoosha mikono yote miwili kumzuia. Neno la kwanza kulisoma mwenyewe bila mimi kumwonyesha likawa hilo. Stoo sasa ina kufuli.

Usidhani ni raha tupu. Nimechoka, somo. Kuna siku shamba linaniita, mdogo amemwaga uji juu ya sinia la mchanga, na mimi mwenyewe sijasali hata neno moja kwa utulivu. Mama mkwe amekuwa akisema mbele za watu kwamba mtoto anakaa nyumbani kama mgonjwa. Sikumjibu, kwa sababu ni mama yetu na kwa sababu alichosema kina ukweli ndani yake: mtoto anahitaji wenzake. Nikajitahidi upande huo. Jumamosi Beno anakwenda Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, parokiani, anaimba na kucheza na wenzake, na jioni barazani kwetu hapakosi watoto wa majirani. Mama mkwe mwenyewe nilimwomba awafundishe watoto hadithi za Kimakua, nami kweli sizijui. Tangu hapo anafika kila Jumanne na kiti chake.

Kuna kitu kilinipa moyo zaidi ya mahubiri. Jirani yetu ni Mwislamu, na watoto wake wadogo kuliko Beno wanakwenda madrasa kila siku, wanarudi wanaimba alifu, be, te, wanajua dua ya kula na dua ya kulala. Nilimuuliza anawezaje. Akaniambia, "Dini ya mtoto siwezi kumwachia ustadhi peke yake. Akirudi lazima anisomee mimi." Nikanyamaza. Mimi nilikuwa nangoja katekista aje amfundishe mwanangu Komunyo ya Kwanza atakapofika darasa la tatu au la nne, kama kwamba kabla ya hapo hakuna kitu.

Wakati babu yangu alikuwa katekista upande wa Lukuledi! Watawa Wabenediktini walifika kule mwaka 1895, na hapa Ndanda mwaka 1906, katika miaka ya vita vya Majimaji, lakini nyumba kwa nyumba imani ilipelekwa na watu kama babu, kwa miguu, na akina mama walioirudia jioni jikoni. Siku tulipombatiza Beno padre alitubariki tukiwa walimu wa kwanza wa mtoto huyu katika imani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulisema hilo mwaka 1965, kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Nilikuwa nimelisikia. Ila nililisikia nikiwa nimebeba mtoto analia na kiatu kinanibana, likapita.

Sasa Agnes wako. Usimtoe kwa sababu mimi nimemtoa Beno. Wewe uko dukani kutwa, ukimtoa atakaa na nani? Akibaki na dada wa kazi na televisheni, hiyo si kulelewa nyumbani. Mimi ninakushauri hivi: omba ruhusa ukakae nyuma ya darasa lake, siku mbili, usiseme kitu. Tazama mwalimu anavyomwita jina. Tazama akikosea anafanywa nini. Muulize Agnes akirudi, si "umejifunza nini," maana wataimba tu, muulize nani alilia leo na kwa nini. Ukiona pako salama, mwache asome, na wewe ushike jioni. Nusu saa yako ya jioni, simu ukiwa umeiweka mbali, itamfaa Agnes kuliko mimi kukaa na Beno asubuhi nzima nikiwa na hasira. Ukiona hapako salama, niandikie, tutafikiri pamoja. Hata kumleta huku kwangu mpaka Januari inawezekana, baba Beno ameshakubali nilipomdokeza.

Mimi nina hofu zangu. Januari Beno atakaa kwenye dawati na watoto wengi, na atashika penseli kwa kushoto mbele ya mwalimu nisiyemjua. Uandikishaji ukifunguliwa nitakwenda mwenyewe, nitaomba kuonana na mwalimu wa darasa la kwanza, nitamweleza kwa upole. Baba yake anasema nisimtangulie mtoto kila mahali. Labda yuko sahihi, lakini hapo nitakwenda. Niombee.

Mikorosho imechanua vizuri mwaka huu, Mungu aibariki. Jumamosi nitakutumia mbaazi debe moja kwa basi la asubuhi. Kondakta nitamwachia namba yako, kazipokee mapema zisije zikashushwa njia panda ya Mnazi Mmoja. Beno ndiye aliyezipima na kuufunga mfuko, na jina lako juu yake kaliandika yeye, kwa kalamu ya wino mzito. Herufi K ameigeuza, inatazama nyuma. Nilimwacha.

Msalimie shemeji, mpe Agnes na kaka zake busu langu. Na ile picha kubwa ya Familia Takatifu uliyosema imebaki kwenye kalenda yako ya mwaka jana, nikatie unitumie, ukutani pale ulipokuwa ubao pamebaki misumari miwili.

Ni mimi somo yako,
Monika