Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mazoezi ya Baharini na Ufuoni, Shela

Ndugu wanachama, assalamu alaykum.

Hesabu atazisoma mweka hazina na uchaguzi uko mwisho wa ajenda, kwa hiyo sitavigusa. Nitasema juu ya maji, kwa kuwa jambo kubwa tulilobadilisha mwaka huu ni ratiba. Tumeacha kuogelea kwa saa ya ukutani, tunafuata kujaa na kupwa.

Ratiba ya zamani ilikuwa kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Hilo lilikuwa kosa la kamati, na mvuvi yeyote wa hapa angetuonya. Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji yetu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, kisha hupwa kabisa saa nne hadi saa tano. Anayeingia kwenye mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda saa kumi na mbili anakuta maji yameshaanza kutoka, na kasi inazidi, kuelekea bahari kuu. Juma linalofuata, saa ile ile, ni maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, na yanaingia taratibu. Mtu akizoea utulivu wa maji mafu, bamvua itamkuta hajajiandaa.

Hesabu yake ni hii. Gawa tofauti ya maji, kati ya kujaa na kupwa, mafungu 12. Saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3, basi mita moja na nusu hupita katika saa mbili za katikati tu. Hapo ndipo mkondo una nguvu kuliko mwogeleaji hodari. Sasa tunaingia dakika 20 kabla ya maji kujaa na kutoka dakika 20 baadaye. Jedwali la Mamlaka ya Bandari ya Kenya linasaidia, na kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Hata hivyo jedwali halitoshi. Tazameni mashua zilizotia nanga: omo, yaani pua za mbele, zikiwa zote zimeelekea upande mmoja na kamba ya nanga imekazika, mkondo bado upo, subirini.

Ukishikwa na mkondo, usishindane nao. Lala chali, inua mkono mmoja, kisha ogelea kuukata ubavuni hadi utoke. Wengi huchoka kwa sababu wanalenga pale walipoacha nguo.

Vifaa vya uokoaji vimenunuliwa upya. Kamba za nailoni tumeziondoa kwa kuwa huzama. Za polipropilini huelea, nasi tunatumia mita 20. Mwisho wake umefungwa mtungi wa plastiki wa lita 5 wenye kifuniko kinachokaza. Tieni ndani maji kiasi cha nusu lita, la sivyo upepo wa kusi utaurudisha usoni mwa anayerusha. Kamba isikunjwe ikiwa mbichi na mchanga, maana hujisokota na kukwama wakati wa kurushwa. Mwokoaji arushe kwanza. Kuogelea kumfuata anayezama ni njia ya mwisho kabisa, na asiende bila kitu cha kuelea.

Aliyetolewa majini akiwa hapumui huanzwa na pumzi 5, ndipo kifua kikandamizwe mara 30, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo. Pumzi hutangulia kwa sababu moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Kumminya tumbo ili maji yatoke, jambo ambalo bado naliona likifanywa ufuoni, kunapoteza muda na huleta matapishi yanayoziba koo.

Kuhusu taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani: mkitembea majini palipo na mchanga burutani nyayo, msikanyage kwa kuinua mguu. Aliyechomwa atumbukize mguu katika maji ya moto anayoyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mwenzake ayajaribu maji kwanza, kwani mguu unaouma haupimi joto vizuri.

Wakimbiaji wana kilomita 12 za ufuo na karibu hakuna kivuli. Kimbieni wakati maji yanapopwa, juu ya mchanga mbichi ulioshikana. Mchanga mkavu hula nguvu mara 1.6 na huweza kuumiza kano ya kisigino kwa asiyezoea. Wakati wa kusi anzeni kwa kuelekea upepo, mrudi ukiwa mgongoni. Matuta msiyapande kwa mazoezi. Yanahifadhi maji matamu ya visima vyetu, na majani yakikanyagwa mchanga huhama. Mwezi wa Ramadhani, mazoezi mepesi ya saa moja kabla ya futari yanatosha.

Kina mama wamekuja na hoja nzito: nguo pana za pamba hunywa maji na kuvuta chini. Kamati imekubali kuwatafutia mavazi ya kuogelea ya nailoni yanayositiri mwili mzima. Kila mwogeleaji, mume kwa mke, avae kofia ya machungwa na kuvuta boya, kwa maana boti za Shela na Manda hazimwoni mtu mwenye kichwa cheusi majini.

Mapendekezo ya kupigiwa kura ni mawili. La kwanza, kuanzia Juni hadi Agosti asiogelee mtu upande wa bahari kuu. La pili, kikao chochote kisicho na mlinzi wa ufuoni mwenye kamba na filimbi kiahirishwe, hata kama wote wameshafika. Katibu atagawa karatasi sasa.