Kabula mwanangu, ulale kwanza

Igombe, Mwanza

Mwanangu mpendwa Kabula,

Hapa nyumbani hatujambo, na sitarefusha salamu, kwa sababu jambo lililonifanya niache simu na kushika kalamu linaninyima raha. Mwenzako wa chumbani alinipigia Jumapili akaniambia kwamba hulali, kwamba saa nane za usiku mwanga wa simu bado unaonekana chini ya shuka lako, na kwamba umeanza kusema utaacha masomo ya mazingira ukiwa mwaka wa tatu kwa kuwa, kwa maneno yako, mnafundishwa kuhesabu hasara tu. Usimkasirikie. Amefanya ambalo ndugu yako angelifanya, na laiti angelifanya mapema zaidi.

Unalala? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Sitakuambia kwamba hofu yako haina msingi. Baba yako alisema mezani kuwa hayo ni mawazo ya watu walioshiba, nami nikaendelea kupakua ugali. Maneno yale yasikukae moyoni. Mwaka 2024 wastani wa joto la dunia ulipita nyuzi 1.5 juu ya ule wa kabla ya zama za viwanda, na Mei ya mwaka huohuo ziwa letu la Victoria lilipanda kupita hata kiwango cha mwaka 2020, ambacho sisi wa huku tulidhani hatutakiona tena. Choo cha jirani yetu wa upande wa mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, kilimezwa na maji, na migomba yake ikaoza ikiwa imesimama. Kwa hiyo anayekosa usingizi kwa mambo haya si mwendawazimu wala si mtoto aliyedekezwa. Lakini mwanangu, kukesha na simu hakujashusha maji hayo hata kidole kimoja, na wewe ndiye unayepungua.

Bibi yako alihamishwa na mvua za miaka ile ya uhuru, ziwa lilipopanda zaidi ya mita mbili kati ya mwaka 1961 na 1964. Kisha mwaka 2006 likashuka hadi mitumbwi ikakaa mbali na mialo. Najua utanijibu kwamba safari hii chanzo ni kingine, na kwamba ziwa linalopata maji yake mengi kutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja litazidi kuyumba kadiri majira yanavyovurugika. Hilo ulinifundisha wewe, na nikalirudia mbele ya wanawake wenzangu wa kikundi kwa majivuno yasiyofaa kwa mwalimu mstaafu. Ninachokuomba ukumbuke ni kwamba bibi yako alipanda migomba mingine huko alikohamia bila ahadi yoyote kutoka kwa ziwa.

Giza lililopita, yaani zile siku za usiku usio na mbalamwezi ambapo dagaa huvuliwa, dagaa walipatikana kwa wingi. Tulikuwa tumewaanika kwenye vichanja tangu alfajiri, na hadi saa tano walikuwa wameanza kung'aa na kukauka upande wa juu, mara wingu likatokea upande wa Ukerewe na mvua ikatukuta katikati ya kugeuza. Dagaa wakinyeshewa hubadilika rangi wakawa kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, na mnunuzi aliyekuwa anawataka kwa chakula cha watu anageuka na kuwataka kwa chakula cha kuku, kwa bei ya kukutukana. Mmoja wetu alilia, na hakuna aliyemkataza. Tulikaa naye hadi jioni, tukala mihogo, tukazungumza juu ya turubai. Sikumbuki kama nilikuwa na matumaini siku ile; nakumbuka kwamba tulikosa turubai, na kwamba sasa tumechanga na tunayo. Usiku ule nililala, Kabula, kwa sababu huzuni yangu niliigawa mchana.

Wewe yako unaigawa na nani?

Ulisoma kuhusu Shinyanga kabla yangu, lakini nadhani uliisoma kama mtihani. Miti ya huko ilifyekwa kwa ajili ya kuua mbung'o na kufungua mashamba ya pamba, hadi watu wakauita mkoa ule jangwa la Tanzania. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, haukuleta elimu ya miujiza. Uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili, yaani yale malisho ambayo babu zetu walikuwa wakiyafunga wakati wa masika ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Katika maeneo mengi miti haikuhitaji hata kupandwa, kwa sababu mizizi ilikuwa hai ardhini na ilichokosa ni kupumzishwa. Katika muda usiofika miaka ishirini, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi. Sisemi kwamba ngitili zitaipoza dunia nzima, na mitambo ya mataifa makubwa haitazimwa na ng'ombe wa Shinyanga. Nasema kwamba kuna watu waliohesabu hasara kama wewe, kisha wakaendelea hadi ukurasa uliofuata. Hata makadirio ya joto la mwisho wa karne hii yameshuka tangu makubaliano ya Paris ya mwaka 2015. Hayajashuka ya kutosha, lakini yameshushwa na watu waliokaa darasani kama ulipokaa wewe.

Masomo tutayazungumza ukija likizo, na hutayaacha kwa ujumbe wa simu. Kwa sasa nenda kwa mshauri wa wanafunzi wiki hii. Akikuambia ni sonona, fuata matibabu, maana ugonjwa wa moyo na akili hauponywi kwa maombi peke yake, na mimi ninayesema hivi unajua ninavyosali. Simu mkabidhi mwenzako saa nne za usiku. Nimekwisha kumwambia, na amekubali.

Kuhusu mkaa, jambo ulilonikemea: mtungi wa gesi upo na ninautumia kwa chai na mboga, ila maharage bado yanakula mkaa, na ulipoyala hukulalamika. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mama yako atatangulia, lakini aachwe aende kwa mwendo wake. Paa la jikoni limeezuliwa upande mmoja na fundi anazungusha. Mdogo wako amefaulu hisabati na anajidai sana, kwa hiyo ukimpongeza usizidishe.

Nauli nitakutumia ukishaonana na mshauri, si kabla. Nijibu hadi Ijumaa, uniambie pia kama nikuwekee dagaa wakavu au wa kukaanga, kwa sababu wa kukaanga baba yako hawabakizi.

Mama yako