Mwanangu, kuhusu nyumba ya Bugembe, Jinja

Mwanangu, salamu nyingi. Mi mzima alhamdulillahi, goti ndo linasumbua asubuhi lakini likishapata joto natembea vizuri. Ujumbe wako wa juzi niliusoma mara tatu, ule wa kusema mama usiingize wapangaji kwa nyumba ya baba, na sikukupigia manake kwa simu wewe unalia na mimi nalia na hakuna kinachoamuliwa. Nimeona bora nikuandikie, usome polepole, ukimaliza ndo unipigie.

Wewe una miaka mitano sasa huko Mbarara, mdogo wako yuko Kampala, baba yenu tulishampeleka kupumzika kijijini, na mimi nimebaki na vyumba vitano. Nalala kimoja, sebuleni naingia mgeni akija, vile vingine nafungua kufagia alafu nafunga. Sasa baada ya Ramadhani goti lilinizidi, nikakaa karibu miezi mitatu sijafungua chumba chako. Siku nafungua nikapokewa na harufu ya udongo mbichi. Naangalia, kuna mstari mwembamba wa tope umetoka chini pale kwenye kona umepanda na ukuta mpaka kwa fremu ya dirisha, na lile boksi la vitabu vyako vya S.4, kidato cha nne, uliloniambia nisilitupe, nikaliinua nikabaki na kifuniko mkononi. Mchwa wamekula madaftari yote mwanangu, wameacha makava magumu na zile pini za katikati. Nilikaa kwa kitanda chako nimeshika kava la Bayolojia lina jina lako kwa mwandiko wako ule wa kulala, nikakaa pale mpaka adhana ya alasiri.

Hapo ndo niliamua kuipangisha. Si bloka, yule dalali wa nyumba, aliyeniingiza kichwani, na wala sina shida ya pesa kama ulivyofikiri. Nyumba ya baba yako inaliwa kimyakimya na mimi niko humo humo ndani. Kama mle kungekuwa na mtoto analala, mama yake angeuona ule mstari ungali mfupi kama kidole.

Waliokuja kuuliza ni wawili. Wa kwanza alitaka kufanya hosteli ya wanafunzi, akaweka mezani shilingi 1,500,000 kwa mwezi, na bloka akanikonyeza kabisa, mama chukua. Nikamuuliza utaweka wangapi, akasema vitanda vya dabo deka vinne kila chumba, hata sebuleni. Ile septiki tenki baba yako aliichimbia watu saba! Nikamwambia asante, hapana.

Wa pili ni familia, mume mwalimu, mke nesi, watoto wanne na bibi yao. Wao wanatoa 900,000. Yule mama alipoingia hakuuliza tailizi wala kabati, alienda moja kwa moja jikoni akafungua bomba, akalifunga, akakaa akisikiliza kama linadondoka, alafu akaniuliza mvua ikinyesha maji ya kompaundi yanaenda wapi. Mimi roho ilitulia palepale, nikasema huyu atanitunzia.

Sasa hesabu, manake najua mdogo wako ataiuliza. 900,000 kwa mwezi ni 10,800,000 kwa mwaka. URA, wale wa kodi ya serikali, wanaacha 2,820,000 ya kwanza, inayobaki wanakata asilimia 12, na kwa mtu binafsi kama mimi hawapunguzi gharama zozote kwenye hesabu, hata ukipaka rangi nyumba nzima ni juu yako. Inakuja 957,600, yaani mwezi mmoja wa kodi ya mpangaji na zaidi kidogo unaenda serikalini, ukiupanga mapema hauumi. Alafu kuna kodi ya majengo ya mji, ambayo hatukuwa tunalipa manake nyumba anayokaa mwenyewe imesamehewa, ukishapangisha inaingia. Mimi nyumba yangu ndogo ya kupanga nimeiona Walukuba, hapa hapa Jinja, vyumba viwili na jiko na choo ndani, 250,000. Ukitoa hiyo na ya URA nabaki na karibu 570,000 kwa mwezi, na kutoka hapo nimeshaamua 150,000 sigusi, ni ya bati na mabomba ya nyumba hiyohiyo. Bati la upande wa sebule lina kutu, unalijua.

Karatasi usiwe na wasiwasi. Zile za kortini za kusimamia mali ya marehemu tulishazipata, bila hizo nisingethubutu kusaini na mtu. Agrimenti itakuwa ya kuandikwa, sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 2022 inataka hivo kodi ikifika 500,000, na nitaipeleka kwa mwenyekiti wa LC1 wa mtaa wetu aone nani anaingia. Kupandisha kodi ni mpaka nimpe notisi kwanza, na isizidi asilimia 10 kwa mwaka, na hata akichelewa kulipa simtoi mlangoni kwa nguvu mpaka korti iseme. Mimi naona ni haki, hata baba yako alipanga miaka mingi kabla hajajenga.

Kuna wazo lako la mimi kuhamia bois kota, kile kijumba cha nyuma, ili niangalie nyumba. Nimelifikiria sana mwanangu, usidhani nimelitupa. Lakini fikiria yule nesi anatoka zamu ya usiku, anaanika nguo, anagombeza mtoto wake, na mimi niko pale kwa stuli naangalia. Atapiga msumari ukutani, mi roho itaruka. Atahamisha ile mitungi ya maua, usiku sitalala. Nitakuwa askari wa kompaundi yangu mwenyewe, na yeye hatakuwa na amani na pesa ametoa. Walukuba nilizaliwa, baba yangu alikuja pale kwa kazi ya kiwanda cha nguo, majirani ni watu wa kila kabila tumekua tukiongea Kiswahili, soko liko karibu, msikiti karibu. Saa hizi hapa Bugembe siku zingine naongea na redio tu mpaka jioni, sikuwahi kukuambia hilo.

Na ile bois kota kwanza ilishanifunza. Unamkumbuka kijana aliyekaa mle, alihama usiku akaniachia bili ya maji 340,000, manake umeme wa Yaka unalipia kabla lakini maji yanasubiri mwisho wa mwezi, na mita ilikuwa kwa jina letu. Safari hii siku ya kukabidhi tutasoma mita pamoja na kupiga picha, vyumba pia, kila ufa.

Fenesi la mbele nimeliandika kwenye agrimenti, matunda wale wao, mti usikatwe. Cherehani naenda nayo. Kiti cha baba nilitaka kukipeleka Walukuba lakini hakipiti mlangoni, nimepima kwa kamba mara mbili, kwa hiyo mwambie mume wako aangalie kama kitaingia kwa gari lenu.

Wapangaji wanaingia tarehe 1. Sijasaini bado, nimewaambia nasubiri binti yangu mkubwa aje, na nasubiri kweli. Ukija ukakaa mle ndani ukaniambia mama roho yangu imekataa, tutakaa chini tuongee upya. Basi njoo Ijumaa ya mwisho wa mwezi, uje na maboksi, yale ya dukani yanatosha. Dawa ya mchwa nimeshanunua, chumba chako nataka tukipulize sisi wenyewe kabla ya mtoto wa mtu kulala mle.

Mama yako