Mazingira manne kwa siku nne: kwa nini hatuuzi tena safari hiyo

"Ndugu zangu, mlituahidi mazingira manne, tumeyaona kupitia kioo cha gari. Hela yetu imeliwa."

Ujumbe huo umeingia wiki iliyopita kutoka kwa mteja wa Dar es Salaam, na haupiti msimu bila mwingine unaofanana nao kutufikia hapa Iringa, tunakopeleka wageni kuangalia ndege. Mteja huyu tulimpa ratiba ya siku tisa. Akasema bei iko juu, tuikate hadi siku nne, ila kituo kisiondoke hata kimoja: hifadhi ya Ruaha, msitu wa Udzungwa, matete ya Ifakara na uwanda wa juu wa Kitulo. Tulimwandikia kabisa kwamba atashinda barabarani. Jibu lake: "Nyie nipelekeni tu." Tukampeleka. Kuanzia sasa akija mwingine na ombi hilo tutamwambia hapana, na sababu zenyewe ni hizi.

Ndege wana saa zao za kazi. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne hivi wanaimba, wanakula, wanaonekana. Jua likishakuwa kali wanaingia vivulini, wanarudi tena kuanzia saa kumi jioni. Ndiyo maana sisi safari ya ndege tunaihesabu kwa asubuhi. Mtu mwenye vituo vinne ndani ya siku nne asubuhi zake zote anazimalizia kwenye gari, halafu anafika porini mchana wa saa saba, njiwa wenyewe wamenyamaza.

Na ramani inadanganya. Ukiangalia, Udekwa, kijiji cha Kilolo tunakoanzia kupanda Udzungwa, na Ifakara zinaonekana majirani. Ni kweli, ila mlima uko katikati. Gari inabidi ishuke Kitonga, ipite Ruaha Mbuyuni mpaka Mikumi, ikunje kusini kwa Kidatu na Mang'ula ndipo ifike Ifakara. Siku imekwisha. Yote hiyo kwa ajili ya mnana wa Kilombero, ndege wa matete ya mto Kilombero ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1990. Ni ndege mzuri, lakini ukienda kiangazi dume limevua manyoya yake ya njano na unabaki kubishana na mwenzako kama ni yeye au ni mnana mwingine.

Ruaha ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka. Hifadhi ile ina zaidi ya aina 570 za ndege kwa sababu miombo ya kusini inakutana pale na migunga ya kaskazini, kwa hiyo ndege wa pande zote mbili wapo. Kwezi wa kijivu, ambaye hapatikani nje ya Tanzania, anatembea barabarani kama kuku wa mtu. Hondohondo wa Ruaha anatambulika kwa ngozi nyeusi inayozunguka jicho, na ngozi hiyo huioni gari likiwa kwenye mwendo. Zima injini, subiri vumbi litue, ndipo uinue darubini. Dereva uliyemkodi kijiweni atakusubiri dakika mbili, halafu simu inalia, simba yuko mtoni, na gari imeshageuka. Hatumlaumu, amezoea wageni wa simba.

Sasa Udekwa, maana malalamiko mengi yanatokea huko. Mteja anataka kwale wa Udzungwa. Historia ya ndege huyu tunaisimulia kila safari: mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark wakiwa kambini ndani ya msitu waliona miguu ya ndege kwenye sufuria ya mboga, wakagundua haifanani na ya kwale yeyote wanayemjua. Mwaka 1994 akatangazwa kuwa ni aina mpya, na ndugu zake wa karibu wako kwenye misitu ya Asia. Wahehe wa vijiji vya huko walikuwa wakimla siku zote.

Watu wakisikia hivyo wanadhani ukifika kijijini utamkuta uwanjani. Kutoka Udekwa unapanda kwa miguu kuelekea Ndundulu na Luhomero, huko juu msituni, mzigo unabebwa na wapagazi wa kijiji, mbele yenu yuko askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati na tembo. Mnalala kambini. Kwale wenyewe hutembea kwa ukoo, wakichakura majani makavu chini ya miti, na kwa kawaida unaanza kusikia mchakacho wa majani kabla hujaona kitu. Hapo unasimama. Hukohoi, hufungui zipu ya begi. Ukiwa na bahati, kichwa chenye uso wa kutu na mdomo mwekundu kinachomoza nyuma ya mzizi, kifua cha kijivu chenye madoa meusi kinafuata, na ndege mmoja baada ya mwingine anavuka njia. Wakishtuka, umekwisha.

Ndiyo maana tunasema usiku mitatu huko juu, chini ya hapo hatuendi. Kuna kundi moja lilikata wapagazi ili kupunguza gharama, wakasema ni vijana, watabeba wenyewe. Walifika kambini giza limeingia, kesho yake mabega na magoti hayataki, asubuhi ya kwanza wakaipoteza wamelala kwenye mahema. Asubuhi ya pili ilinyesha. Wakashuka bila kwale, na bila ndege mwingine, chozi mwenye mabawa mekundu, ambaye pia ni wa milima hiyo, halafu wakadai warudishiwe nusu ya pesa. Hatukurudisha. Pesa ya mpagazi haifiki hata bei ya chakula cha jioni kwenye hoteli walizotokea, na ndiyo pesa pekee ya safari nzima inayobaki pale kijijini.

Kitulo ni kesi ya msimu. Mteja mmoja alikuja Julai kwa ajili ya mbayuwayu wa buluu. Julai! Kule juu, mita 2,600, nyasi zimepigwa na sakitu (umande ulioganda) asubuhi na ndege anayemtafuta yuko zake kando ya Ziwa Victoria. Mbayuwayu huyo anakuja Kitulo na mvua, anajenga kiota kwenye paa la mashimo yaliyochimbwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa, na dume lake lina nyuzi mbili ndefu mkiani. Tulimweleza kabla hajalipa, lakini tiketi yake ya ndege (ile ya injini) ilikuwa ya bei nafuu mwezi huo, basi akaja. Alimwona tandawala, yule ndege mkubwa wa nyasini, na chiriku wa Kipengere, wakati wenzake wanakuja nchi hii mahsusi kwa ajili ya huyo chiriku. Bado akaandika kwamba tulimficha ndege.

Tatizo ni kwamba mvua hiyohiyo inayomleta mbayuwayu inaharibu barabara. Februari moja familia ilikataa bei yetu ya Land Cruiser, wakapata Noah Mbeya kwa nusu. Noah ikapanda vizuri tu zile kona hamsini na saba za kutoka Chimala, wakapiga picha, ila baada ya Matamba tope likaikamata. Wakalipa trekta la kuwavuta, wakalala gesti wasiyoipanga, kesho yake wakatupigia sisi twende kuwachukua. Jumla waliyotumia ilizidi ile waliyoikataa, na uwanda wenyewe waliuona kwa ukungu.

Njia nyingine ya mkato ni spika. Mtu anapakua sauti kwenye simu, anaiunganisha na spika ndogo, anadhani hana haja ya mwongozaji. Mufindi tumemkuta mmoja kwenye kipande cha msitu kilichobaki kati ya mashamba ya chai, anapiga wimbo uleule bila kupumzika. Dume anayesikia wimbo huo anajua adui ameingia kwake. Anaacha kula, anaacha kiota, anazunguka juu ya spika akitafuta wa kupigana naye. Mwisho ananyamaza, na siku zinazofuata hata sauti yake halisi hajibu. Mteja wetu aliyekuja nyuma ya yule bwana hakuona kitu. Waongozaji wetu wanapiga mluzi kwa mdomo, mara moja au mbili, wakati wa viota hawapigi kabisa. Ukitaka spika, tafuta kampuni nyingine, hatutagombana.

Kuhusu bei, haya ndiyo yaliyomo: kiingilio cha hifadhi, ambacho kinalipwa serikalini kwa namba ya malipo na hatuwezi kukupunguzia hata shilingi, gari na dizeli, mpishi, askari, wapagazi, na mwongozaji anayetambua ndege msituni kwa sikio, jambo ambalo hakulisoma wiki moja. Kinachobaki ndicho chetu, na hatukionei aibu.

Ukituandikia, anza na tarehe, orodha ya ndege unaowataka na kama magoti yako yanapanda mlima. Bei itafuata hapo. Anayemtaka kwale na mbayuwayu kwenye safari moja ajue kwamba mmoja anataka ukavu na mwingine mvua, kwa hiyo nafasi ni finyu, mwishoni mwa Novemba kabla mvua hazijashika. Wiki hizo zinajaa mapema, advansi yake hairudi, na bei yake hatupunguzi.