Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Michoro

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika maonesho yetu. Michoro yote unayoiona ukutani imechorwa juu ya mabaki ya hadibodi tuliyopewa na mafundi wa dari, kwa rangi ya kung'aa inayouzwa madukani kwa ajili ya kupaka baiskeli. Njia hii tumeipata kwa mchoraji marehemu Edward Saidi Tingatinga, na tunaomba tumweleze kidogo, kwa kuwa tulipoanza wapo wenzetu waliodhani tunazungumzia mtambo wa kuchonga barabara.

Ndugu Mgeni Rasmi, Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, baba yake akiwa Mngindo na mama yake Mmakua. Katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako aliishi kwa kazi za nyumbani na vibarua. Hakupitia chuo chochote cha sanaa. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, vya takriban futi mbili kwa mbili.

Wako wanaosema kwamba alitumia vifaa hivyo kwa sababu ya ufukara tu. Kwa maoni yetu hiyo ni nusu ya habari, kwani vifaa vyenyewe ndivyo vilivyomfundisha namna ya kuchora. Rangi ya baiskeli ni nzito na haipendi kuchanganywa ubaoni. Mchoraji hulazimika kupaka rangi moja ya usuli, asubiri ikauke, ndipo amweke mnyama juu yake, kisha amalizie kwa madoa na mistari. Mwanzoni sisi tulijaribu kumtia chui kivuli ubavuni, tukaambulia tope. Tulipoacha kivuli na kurudi kwenye madoa, chui akasimama. Tena, kwa kuwa kipande ni kidogo, mnyama mmoja hukijaza chote, na jicho la mtazamaji halina pengine pa kwenda.

Michoro ya Tingatinga iliuzwa Oysterbay, Dar es Salaam, karibu na maduka ya Morogoro Stores, mkewe Agatha akisaidia kuiuza, na vijana aliowafundisha, wengi wao wakiwa ndugu zake, walikaa naye wakichora. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Wanafunzi wake hawakuweka brashi chini, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo waliunda chama chao cha ushirika.

Ndugu Mgeni Rasmi, rangi hii huchelewa kukauka, nasi hatuna mahali pa kuanikia kazi zetu isipokuwa darasani. Tembo aliye karibu na mlango ana vumbi la chaki mgongoni, na tunakiri kwamba hilo si pambo. Kwa unyenyekevu tunaomba utusaidie kupata kabati moja lenye rafu na milango, pamoja na brashi nyembamba za madoa, kwani tulizonazo zimebaki vijiti. Hadibodi tutaendelea kuiomba kwa mafundi.

Tunaomba kuwasilisha.