Bakari, choo cha umeme usikinunue bado

Kilifi

Ndugu yangu Bakari,

Assalamu alaykum. Barua yako nimeipata. Nilipofika pale uliposema bi mkubwa alikaa kutwa bila kunywa maji, toka Lamu hadi Kiwayu, ili tu asilazimike kukipampu kile choo cha mashuani mwako kwa mkono, niliumia sana. Bega lake lile si la kusukuma mpini. Umeamua vyema kuweka choo cha umeme, ila nakuomba usikinunue bado.

Wauzaji watakuonyesha bakuli, weupe wake na mfuniko wake. Bakuli liache mwisho, uanze na waya. Wengi huogopa kwamba choo kitamaliza betri, kumbe sivyo. Pampu ikila ampi 20 kwa sekunde 20, hiyo ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ampi moja ikitumika saa nzima. Shida ni kwamba ampi hizo 20 zataka kupita zote kwa pamoja. Mwaka juzi nilifunga choo kwenye mashua moja hapa horini nikakiunga na waya wa taa za omo, kule mbele ya mashua, milimita za mraba 2.5, mita sita toka kwenye betri. Pampu ikawa inaguna, visu vyake vya kusagia uchafu vinazunguka kwa unyonge, karatasi ikakwama. Kwenda na kurudi zile ni mita 12, na volti moja na nusu na zaidi zilikuwa zikipotelea njiani. Nilipotandika waya wa milimita za mraba 10, choo kilekile kilifanya kazi barabara. Wewe weka huo tangu mwanzo, na fyuzi yake iwe karibu na betri.

Pili ni maji. Ya bahari ni ya bure, lakini yananuka, na kinachonuka mara nyingi si uchafu wa watu. Ni vile vijidudu vya baharini vinavyofia ndani ya mpira wa maji, maji yakituama. Niliwahi kuitafuta harufu ya namna hiyo tezi na omo, marejeo yakawa ngamani, kwenye mpira wa kuingizia maji uliokaa wiki tatu bila kutumika. Tena maji ya chumvi yakikutana na mkojo hugandisha chokaa ndani ya paipu, mpaka tundu linakuwa jembamba na kuziba. Siki huilainisha chokaa hiyo ikiwa bado changa.

Maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yanaondoa mengi ya hayo. Najua lakini maji ya kisima huko kwenu yanavyopatikana kwa taabu. Watu wanne, kila mmoja mara tano kwa siku, lita mbili kila mara: hizo ni lita 40. Kwa hiyo ningekuchagulia choo cha maji baridi chenye tangi lake dogo la peke yake. Usikiunge moja kwa moja na paipu ya maji ya kunywa, maana uchafu waweza kurudi nyuma. Ukishindwa na maji, chukua cha maji ya bahari, ila kila mnapotia nanga na kushuka, kimwagie maji baridi na ukiwashe mpaka yapite yote.

Kwa kuwa hicho cha sasa ni cha mkono, cha kampuni ya Jabsco, utaambiwa kuna seti ya kukigeuza kiwe cha umeme bila kubadilisha bakuli. Ipo kweli, na ni rahisi kufunga. Lakini pampu yake ina kelele, na bi mkubwa akiamka saa tisa usiku atawaamsha nyote. Ninavyomjua, ataona haya na kurudi kulekule kwa kutokunywa maji. Tafuta kile cha kimya, ambacho pampu yake ya kutolea haitegemei pangaboi la mpira.

Na hili usilifanyie mzaha: bakuli likiwa chini ya usawa wa bahari, au mashua ikilalia upande mkienda joshi kuukabili upepo, bahari inaweza kujivuta yenyewe kupitia mpira na kuijaza mashua mmelala. Lazima mpira upande juu ya usawa wa maji, upindwe, na pale juu kabisa kuwe na vali ndogo ya kuingiza hewa. Koki za chini ya mashua, pale maji yanapoingilia na kutokea, zifungwe kila mnapoondoka.

Uchafu nao usiutoe kwenye mlango wa bahari pale Shela. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, kwa meli za tani 400 na zaidi au zinazobeba watu zaidi ya 15, unataka uchafu ambao haujasagwa wala kutiwa dawa utolewe zaidi ya maili 12 za baharini toka nchi kavu. Mashua yako haifiki ukubwa huo, lakini watoto wanaoga katika mkondo ule, na watu wanachokoa chaza mikokoni. Weka tangi la kuhifadhia, hata la lita 50, ulimwage mkiwa mbali bahari kuu.

Nipimie vitu viwili: njia ya waya toka betri hadi chooni, kwa kuizunguka kama utakavyopita, na kimo cha ukingo wa bakuli juu au chini ya usawa wa maji. Nikipata hayo nitakuja mwenyewe kabla kusi haijakaza, na waya nitaununua Malindi nikipita.

Nisalimie bi mkubwa, umwambie anywe maji.

Ndugu yako,
Salim